Usiwapulizie Dawa Nyuki wa Baba

Mtaa wa Majimbo,
Embu.
2 Aprili 1996

Mpendwa dada Wambeti,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini Botswana inakutunza vizuri na wanafunzi wako wanakuogopa kama sisi wadogo wako tulivyokuogopa. Huku tu wazima. Mvua imenyesha Siakago mara mbili na mama ameshapanda ndengu. Goti linamsumbua lakini hasikii la mtu, shambani yuko tangu asubuhi hadi jua liwake.

Barua yako ya tarehe 17 Machi niliipata jana. Nilicheka sana kwa hayo ya mwalimu mkuu wenu na koti lake. Kisha nikafika mwisho, pale unaposema nyuki wamejaa kwenye dirisha la chumba chako tangu Alhamisi saa sita mchana, na kwamba mwenye nyumba ataleta watu wa kuwapulizia dawa shule zikifungwa. Uliandika kama jambo dogo. Dada, nakuomba wasiguswe. Tangu jana nimepiga simu ya shule yenu mara tatu kutoka posta na haishikwi, kwa hiyo naandika.

Unaukumbuka mzinga wa baba, ule wa gogo wenye alama ya ukoo wetu iliyochomwa kwa chuma. Baba alipofariki mwaka wa tisini na moja, mimi ndiye niliyeng'ang'ania upelekwe kwenye jumba letu dogo la utamaduni hapa mjini. Nilikuwa nimeajiriwa mwezi huo kutunza stoo na nilitaka nionekane mtu. Mama alisema mzinga wa marehemu hauondolewi mtini kabla mtu wa nyumbani hajawaambia nyuki kwamba mwenyewe amekufa, na kuwatajia mwenyewe mpya. Wewe ulikuwa umesharudi kazini. Mimi nilikuwa nimeokoka juzi juzi tu, nikamjibu mama kwamba nyuki hawahitaji tangazo la kifo. Tuliwafukuza kwa moshi tukapakia mzinga kwenye pikapu.

Kule stoo kazi yangu ilikuwa kunyunyiza dawa. Kila mwezi nilimwaga unga mweupe juu ya ngozi, vibuyu na viti vya wazee, ili dumuzi wasile. Bwana Muturi, mkuu wetu, ndiye aliyenifundisha, naye alifundishwa hivyo hivyo. Kwa mzinga wa baba sikuwa mchoyo, niliumiminia ndani kwa kopo. Mwaka wa kwanza dumuzi walikwisha. Wakafuata buibui. Kisha mijusi wakawa wanaanguka kutoka ukutani, na mbayuwayu waliokuwa wakijenga chini ya paa hawakurudi. Maji ya kuoshea sakafu tuliyamwaga nyuma, na huko hata panzi hukumwona. Nilisifiwa kwa usafi, na sikufichi, niliona fahari.

Januari mwaka huu mzinga ukaanza kuvuma. Ilikuwa kila siku, saa sita kamili mchana, kama dakika kumi hivi. Niliufungua nikaukuta mtupu, mweupe kwa unga wangu. Nilipoweka sikio, mvumo ulinifika mpaka kwenye meno. Nikajiambia ni uchovu, lakini Kathure, mama anayetufagilia, alinijia mwenyewe. "Mimi huko ndani saa sita siingii tena," akasema. "Kuna watu wanaongea, na kifunguo ni wewe uko nacho."

Mwezi wa tatu kundi la nyuki likatua kwenye dirisha la stoo, kwa nje. Walijaa kioo chote hata ikabidi tuwashe taa mchana. Hawakumuuma mtu. Walikaa kimya tu, vichwa vyote vimeelekea ndani, upande wa mzinga. Bwana Muturi alikuwa na wageni kesho yake. "Njura, piga hao dawa leo," akaniambia. "Wageni wanakuja kuona museum, hawajakuja kuumwa." Nikamwambia kwetu vitu vilikaa miaka na miaka kwa moshi, jivu na kuanikwa juani, na hakuna kilichokufa zaidi ya dumuzi. Akasema hapa si jikoni kwa mama yangu.

Basi nikajaza pampu. Nilipofika dirishani nilishindwa. Walikuwa wanataka kuingia kwa baba, na mimi ndiye niliyeijaza nyumba yao sumu. Nililia, dada, mtu mzima na pampu mgongoni. Niliingia stoo, nikaweka kiganja juu ya ile alama, nikasema yale niliyokataa kusema miaka mitano: kwamba baba yetu Ngari amekufa, kwamba mwenyewe sasa ni kifungua mimba wake, Wambeti, na kwamba yuko Botswana. Nilikutaja kwa sababu ndiyo haki. Mvumo ukakatika papo hapo. Nje, kundi likainuka, likapita juu ya nyumba za Majimbo, likaelekea kusini.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi, saa sita mchana. Linganisha na siku yako.

Bwana Muturi aliona yote akiwa mlangoni. Hajalitaja hata leo, ila Jumatatu yake aliagiza unga wote ufungiwe na usitumike tena. Sasa tunaanika ngozi juani kila Jumamosi na tunafukiza stoo kwa majani ya mwarobaini anayoleta Kathure. Wiki jana nilimwona mjusi ukutani, mdogo sana. Nilisimama kumtazama mpaka Kathure akanicheka.

Lakini mzinga hauwezi kurudi mtini. Sumu imeingia ndani ya gogo lenyewe, haitoki kwa moshi wala kwa maji. Hilo linaniuma kuliko yote.

Jana jioni nilikwenda Siakago nikamsomea mama barua yako. Hakushangaa. Alisema, "Nyuki asiye na mwenyewe halali, hata akifa. Huko kwa mzinga walikuwa wanalia hao. Mwambie msichana wangu afungue dirisha awaambie amewapokea. Basi." Kisha akaenda kufungia mbuzi.

Mama anakusalimu, na mjomba Mbaka pia, ambaye bado anadai ulimwahidi redio. Mke wangu Ednah na watoto wanakuombea kila siku. Mungu aliyemshika baba juu ya miti yote ile na asianguke, akushike nawe huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuhofia,
Njura Ngari

Nimeifungua tena bahasha niongeze haya. Leo saa sita Kathure ameniita stoo. Mzinga unavuma. Dada, kama watu wa dawa walikuja mapema, fungua dirisha vivyo hivyo, uwapokee hao walio sakafuni.