Chaguo la Nne

Braamfontein, Johannesburg
Jumatatu, baada ya kazi

Mama Shabani, mke wangu,

Asalaam aleikum. Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote nimeishia kwenye salamu, kwa hiyo leo nazifupisha. Mama mkwe anaendeleaje? Mkono wake wa kulia umeanza kushika kijiko, au bado unamlisha wewe? Na mgongo wako? Kwa kumnyanyua mgonjwa asubuhi na jioni najua haukosi kuuma, na najua hutasema. Mimi mwili ni mzima, kula nakula, cherehani inazunguka. Yaliyobaki si mazuri, ndiyo maana sikukupigia. Wewe simu unaiweka sauti ya juu ili mama naye asikie, na haya si ya kusikiwa na mtaa mzima wa Buyenzi. Barua nitampa Bi Hadija, yule muuza vitenge, anapanda basi Alhamisi. Isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya mtoto wetu Shabani. Usishtuke, hajaumia, hajakamatwa, haumwi. Amehama nyumbani. Hii ni wiki ya tano anakaa Midrand na vijana wenzake wanaofanya kazi kwenye maghala, na aliyemfanya ahame ni mimi.

Unaikumbuka timu yetu ya Jumapili, Nyota ya Ziwa, ile uliyokuwa ukiilaani kwa sababu ya jezi zenye tope. Bado mimi ndiye kocha. Mwaka huu timu ya Yeoville ilivunjika, wachezaji wake wakabaki hawana pa kwenda, na kuna vijana wengine wapya wanaotafuta timu. Zamani ungeona viongozi wanaibiana wachezaji kwa ahadi za kazi mpaka watu wanashikana mashati. Safari hii wazee wa ligi walikataa. Majina yote yaandikwe kwenye orodha moja, timu zote zikutane ukumbini Newtown, kila timu itaje mchezaji mmoja, ipishe nyingine, mpaka kila timu ipate wanne. Atakayebaki atajitafutia mwenyewe.

Shabani alinijia na karatasi ya kujiandikisha. Aliniuliza kwa Kiingereza chake kama aandike jina. Nilikuwa nakunja suruali ya mteja, pini mdomoni, nikamjibu: weka. Hilo tu. Sikumtazama usoni. Ninavyofikiri sasa, alilichukua lile neno kama ahadi ya baba, na angelichukuaje vingine?

Kamati tulikaa saluni kwa Papa Deo, mwenyekiti wetu, yule Mkongo wa Uvira. Timu yetu ilikuwa kama nyumba inayovuja kila pembe, Mama Shabani, na kila mtu alitaka kuziba tundu lake. Papa Deo alitaka mshambuliaji. Anasema mpira ni magoli, mengine yote ni mapambo, na kila jina tuliloligusa yeye analitolea kasoro: huyu mfupi, huyu anapiga chenga nyingi, huyu anaringa. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima, akanuna. Kapteni wetu Ramadhani, ambaye kazini ni mlinzi wa geti, alisema sisi haja yetu ni kipa. Kipa tuliye naye ni mlinzi wa geti pia, na zamu yake ikiangukia Jumapili tunamweka golini fundi viatu ambaye anaogopa mpira. Mimi nilisimama na beki wa kushoto. Tangu Faraji ahamie Cape Town upande ule ni njia ya umma, anapita anayetaka.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: kwanza kipa asiye na kazi Jumapili, pili mshambuliaji ili Papa Deo apate usingizi, tatu beki wa kushoto. La nne tuliliacha wazi. Hapo ndipo Ramadhani alipokumbusha aibu ya Pretoria, tulipofika uwanjani watu wanane, wengine wamekwama kwenye kituo cha teksi. Kwenye orodha, akasema, kuna Mtanzania mmoja, Salumu, mwenye kombi ya kubebea wanafunzi. Ana miaka arobaini na moja, magoti yake yanalia akipanda ngazi, lakini gari lina viti kumi na vitano. Tulicheka, na mimi nilicheka.

Nilitumwa nikawatazame wachezaji mazoezini, niandike sifa zao. Nilikwenda mara moja tu. Niliwaandika kwenye daftari langu la vipimo, kila mtu na mstari wake. Mstari wa mtoto wako ulisema: mguu wa kushoto mzuri, pumzi fupi, hafai bado. Niliandika hivyo kwa mkono huu ninaoandikia sasa. Nilimpima mara moja kama ninavyompima mteja, nikafunga daftari, nikaliacha juu ya meza tunayolia chakula. Lilikaa pale siku nne.

Siku ya Newtown ukumbi ulijaa. Sisi viongozi tulikuwa mbele, vijana nyuma kwenye viti vya plastiki. Shabani alikaa pembeni, mkoba wa viatu magotini, amevaa lile shati la bluu ulilomnunulia. Zamu yetu ya kwanza tukamtaja kipa, kinyozi mmoja kutoka kwetu Bujumbura. Ya pili akatajwa mshambuliaji, Papa Deo akapiga makofi peke yake. Ikaja ya tatu, ya beki wa kushoto. Mabeki wa kushoto kwenye orodha walikuwa wawili tu, Mkongo mmoja mtulivu wa miaka ishirini na sita, na mwanangu. Papa Deo aliniinamia sikioni.

"Baba Shabani, kamata mutoto wako. Hapa hakuna mutu atasema kitu."

Nami nikasema kwa sauti, ili meza zote zisikie, kwamba kwenye timu hii hakuna mtoto wa mtu. Nikamtaja yule Mkongo. Mama Shabani, watu walinisifu. Mzee mmoja wa ligi alisimama kunipa mkono, akasema viongozi wa namna hii wamekwisha. Kifua kilinijaa. Sikugeuka nyuma kumtazama mtoto.

Zamu ya nne ilipofika, Shabani alikuwa bado hajachaguliwa na mtu. Tulikuwa na nafasi moja, haina cheo, haina kazi maalumu, ningeweza kumpa hata asiyejua kupiga mpira. Ramadhani alinitazama akisubiri. Nikamtaja Salumu. Ukumbi ukacheka, maana kila mtu alijua tumechagua nini. Majina yaliyobaki yalikuwa matatu. Mtu wa Midrand, alipokuwa anakusanya karatasi zake, akasema yule kijana wa mguu wa kushoto aje tu, watamjaribu.

Tulirudi Braamfontein kwa miguu. Alitembea mbele yangu daraja zima. Nilimkuta amesimama kwenye roboti, taa ya kuvukia barabara, ilikuwa nyekundu, magari yanapita, tukawa bega kwa bega hatuna pa kukwepana. Nikaanza kumweleza kwamba niliogopa maneno ya watu, kwamba mtoto wa kocha akichaguliwa hatapata heshima, kwamba nilifanya hivyo kwa faida yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Unajua Kiswahili chake, anasikia chote ila kujibu ni kwa Kiingereza au Kizulu. Siku ile alinijibu kwa Kiswahili, taratibu, neno moja moja.

"Baba, umechagua gari."

Roboti ikageuka kijani, akavuka. Mimi nilibaki pale mpaka ikawa nyekundu tena. Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba vizuri, kama ulivyomfundisha.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Watu wote huku wanasema Baba Shabani ni mwadilifu, alimwacha mwanawe kwa ajili ya haki. Si kweli. Sikuogopa maneno ya watu. Nilimwacha kwa sababu nilimwona hafai, na nikaivalisha hukumu yangu kanzu ya haki ili ipendeze. Siku unaondoka kwenda kumuuguza mama, pale kituo cha basi, ulinishika koti ukaniambia huyu mtoto huku hana mwingine, ni wewe tu. Nilikuitikia. Miaka miwili nimempa chakula, nimempa pa kulala, nimemlipia shule mpaka akamaliza, nikadhani deni la ubaba limekwisha.

Na kuna kingine, hiki ndicho kinachonitoa machozi mbele ya wateja. Wiki mbili baada ya kuhama, jirani yetu Mama Neema aliniuliza mbona siku hizi haoni kijana akikimbia. Nikamwambia Shabani hakimbii. Akanishangaa. Akasema ile wiki ya mkutano alikuwa anamwona kila alfajiri anapokwenda kufagia ofisi, mtoto anapanda na kushuka kile kilima cha chuo kikuu, anashika mbavu, anaanza tena. Nilihesabu siku zile kwa vidole. Zilikuwa nne, zile zile ambazo daftari lilikuwa mezani. Kiswahili cha kusoma anacho kidogo, lakini kile cha kumtosha kusoma pumzi fupi alikuwa nacho. Alisoma nilichomwandikia, hakuuliza, hakununa, akaenda kutafuta pumzi. Halafu akavaa shati lake la bluu akaja ukumbini, akaamini kwamba nitakuwa nimemtazama tena.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tulivyozoea kusema. Mimi nimeujua nikiwa nimeshauleta mwenyewe. Roho inaniuma, Zainabu, na sina wa kumlaumu.

Jana tulicheza na Midrand, kwao. Kombi ya Salumu ilitubeba watu kumi na watano, tukafika mapema, tukashinda mbili kwa moja. Shabani alianza benchi. Kipindi cha pili wakamwingiza, na upande wake ulikuwa huu wa kwangu, anapita karibu ningeweza kumgusa. Ukocha ni ugonjwa. Kabla sijajijua nilikuwa nimeshampigia kelele winga wangu, "Mchoshe huyo! Mchoshe!" Shabani alisikia. Aligeuza kichwa mara moja, akaendelea kukimbia. Tangu hapo sikutoa sauti tena. Ramadhani alikuja kuniuliza kama naumwa, nikamwambia naam.

Hakuchoka. Nilisubiri achoke, nikaanza kuomba asichoke, na hakuchoka. Mchezo ulipokwisha wachezaji walipanga mstari kupeana mikono. Alinipa wake kama alivyowapa wengine, akasema "Sharp", ile poa ya huku, vile anavyomwambia mwenye kiduka cha spaza akichukua mkate. Nilitaka kumshika nisimwachie. Nyuma yake kulikuwa na wenzake wanasubiri zamu, nikamwachia.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa ya kuchulia mkono nimeiweka pamoja na barua. Msalimie dada yangu Mwajuma, na mumewe shemeji Hassani mwenye gereji, umwambie spana zake bado nazitafuta. Msalimie mwalimu aliyemfundisha Shabani alhamdu kwa simu, mtoto anaisoma bado. Na mjomba wako anayependa habari za mpira, huyo umwambie tumeshinda, usimwambie zaidi.

Barua ikishafika, Shabani atakupigia Ijumaa kama kawaida yake. Atakuambia yuko salama, kazi nzuri, baba hajambo. Haya mengine hatayasema, na nakuomba usimlazimishe, wala usimwombee msamaha wangu, huo ni mzigo wangu nitaubeba mwenyewe mpaka Midrand. Nakuomba kitu kimoja. Akimaliza salamu, muulize ile Jumapili tuliyokutana nao alicheza dakika ngapi. Mimi nazijua, ni thelathini na mbili, nilizihesabu moja moja kwenye saa yangu. Lakini muulize wewe, halafu unyamaze, umwache akusimulie zote.

Mumeo, niliye peke yangu na godoro lililokunjwa,
Issa