Prosesa Nimeondoka Nayo

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, upashe moto. Nguo uzianue kabla ya mvua. ~~Prosesa ya kompyuta yako iko juu ya kabati, uitumie hivyo hivyo.~~ Prosesa nimeondoka nayo. Naenda kuibadilisha dukani, kisha nitapitia wodini kwa baba yako.

Asubuhi ulipofungua boksi ulinuna. "Mama, hii ina viini vinne tu. Kucheza itaweza, lakini nikicheza huku narusha mubashara mtandaoni, picha zitakwama." Nikakujibu kwamba bajeti ni bajeti, tena nani hasa anakutazama? Watu wawili? Ukasema, "Mmoja ni baba," ukaubamiza mlango. Bawaba imelegea, uikaze.

Sikujua. Kila nikimkuta ameinamia simu pale kitandani, nilidhani anasoma habari. Mngeniambia, wajanja nyie! Ningenung'unika, ndiyo, lakini ningechukua ya viini sita tangu mwanzo. Nimeuliza, inaingia kwenye ubao mama ule ule wa kompyuta yako. Tutakapobana ni kwenye kadi ya picha: utatumia ile ya zamani ya binamu yako, na usinibishie. Michezo itapungua urembo kidogo, lakini matangazo hayatakwama.

Safisha meza, utoe bisibisi. Nikirudi unaiunganisha leo leo, na jioni unarusha. Najua tulipanga umalize mitihani kwanza. Jana daktari aliniita pembeni, akasema tusimpangie baba yako mambo ya mbali.

Mama yako