Shamba Tuliloliita Pori

Mbozi, Jumatano, Septemba 1953

Leo jua limewaka tangu asubuhi, na upepo wa kiangazi umetujazia vumbi mpaka kwenye unga. Nimechoka, nanuka moshi, na unyusi wangu mmoja umeungua. Lakini moyo umetulia kuliko siku zote za wiki hii, na nataka kuandika kabla giza halijaingia, maana mafuta ya taa yamebaki kidogo.

Asubuhi nilikwenda kwenye hema la Bwana Mpima, kando ya barabara ya misheni. Amekuwa akiwaita watu waje kuitazama ramani yake na kumsaidia majina ya mito na vilima. Anasema ni sehemu ya ramani ya nchi nzima, kutoka pwani hadi huku kwetu. Serikali ikitaka kujua ardhi ipi ina wenyewe na ipi haina, itaitandaza mezani na kuisoma. Haitakuja kuuliza mtu.

Niliinama nikatafuta kwetu. Nikaiona barabara, nikaliona kanisa, nikauona mto, na nyumba zetu zimechorwa ndogondogo kama punje za ulezi. Nikavuka mto kwa kidole. Ng'ambo hakukuwa na kitu, karatasi nyeupe tu na neno moja la Kizungu. Mkalimani wake akanisomea: pori.

Ng'ambo ya mto ni shamba letu.

Ni kweli halijalimwa karibuni. Huku kwetu shamba likichoka tunaliacha lilale, nyasi ziote, vichaka virudi, kisha tunalirudia. Kila mtu hapa anajua shamba la nani limelala wapi. Mume wangu, Baba Ezekia, yuko Rodesia kwenye migodi ya shaba, na hakuna barua yake inayokosa kuliulizia shamba hilo. Akirudi ndipo anapotaka kupanda kahawa. Ndicho kitu pekee anachokirudia, ukiacha mimi na mtoto, na siku nyingine nashuku hata mimi natanguliwa na shamba.

Jumbe wetu alikuwa amekaa pale kivulini. Akaniambia polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba, "Mama Ezekia, eneo hilo kuna mzungu ameliomba alime kahawa. Bomani wamemwambia asubiri ramani iishe."



Nikamwambia Bwana Mpima kwamba amekosea. Nilitegemea atanifukuza, lakini hakukasirika. Akatoa picha kubwa iliyopigwa kutoka ile ndege iliyopita juu yetu mwaka jana, akanionyesha ng'ambo yetu: nyasi, nyasi, nyasi. Akasema wenyeji nao waliulizwa, wakajibu hakuna shamba.

"Mimi nachora ile naona, mama," akasema kwa Kiswahili chake. "Na ile watu nasema."

Kesho kutwa anafungasha hema kuelekea Mbebe. Akishaondoka, hiyo karatasi nyeupe ndiyo itakayokwenda bomani.

Sikuuliza nani alimjibu hivyo. Nilimjua. Ni mama mkwe wangu.

Ndege ilipopita mwaka jana, ilienea habari kwamba kila shamba litakaloonekana litatozwa kodi, juu ya ile ya kichwa tunayolipa. Mama mkwe hajawahi kukubali kushindwa na mtoza kodi. Alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha wanawake: mkiulizwa, semeni pori. Wakasema. Yeye mwenyewe alimkazia macho mpimaji akamwambia ng'ambo ile wanaishi nguruwe tu. Kijiji kizima kilimsifu. Palipikwa hata pombe.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno makali. Nakiri hapa, ni maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja, nimesimama, hata salamu sikutoa. Aliendelea kuchambua kwenye ungo wake. Kisha nikaona anatupa maharage chini na kubakiza mawe.

Hasira yote ikaniisha. Nikakaa chini tukawa tunaokota maharage pamoja.

"Nilikuwa nawalinda," akasema.

"Najua, Mama."

Nikamwomba twende hemani aseme ukweli. Akatikisa kichwa. Mtu aliyesema nguruwe mwaka jana, akisema shamba mwaka huu baada ya kusikia kuna mwombaji, nani atamwamini? Mimi mwenyewe nisingemwamini.

Ndipo nikayakumbuka maneno ya yule bwana: anachora anachokiona.

Chini ya nyasi zile yapo matuta. Ukipita unajikwaa, ukivuka unayahesabu kwa miguu. Ndege haikuyaona kwa sababu nyasi zimeyafunika, basi. Tukizichoma, yatatokeza yote.

Lakini nyasi zile ni paa la mama mkwe. Amezitunza msimu mzima ili tumwezekee kabla ya mvua, maana nyumba yake inavuja vibaya. Masika yaliyopita alilala na chungu kitandani. Tukichoma, hakuna nyasi nyingine ndefu hivyo karibu. Nilisita. Kisha nikapiga moyo konde nikamwambia, huku naangalia ungo.

Aliitazama nyumba yake kwa muda. Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Akatoka na kijinga cha moto kutoka kwenye mafiga yake.

"Twende," akasema. "Ulimi wangu ndio uliolifunika, mkono wangu ulifunue."

Hatukwenda hivyo hivyo kama wehu. Jumbe alitoa ruhusa. Wanawake wakaja na matawi mabichi, wale wale waliofundishwa kusema pori, na mashamba yao pia yamelala ng'ambo ile ile. Tukafyeka njia ya kuzuia moto kwanza, pembeni kote, tukasubiri upepo upungue. Mama mkwe akainama akawasha mwenyewe. Unyusi wangu uliondoka hapo, kwa kiherehere changu cha kusogea karibu.

Moto ulipopita ukazimika, moshi ukaanza kuinuka.

Matuta yalikuwa pale. Mstari baada ya mstari, meusi, kutoka mtoni mpaka juu mteremkoni, na katikati nguzo kubwa ya udongo iliyobomoka, yenye umbo la kibuyu, tanuru walilofulia chuma wazee wa ukoo wa mume wangu. Kila mwanamke akaanza kutembea akitafuta pake. Hakuna aliyeuliza wala kugombana. Walikwenda moja kwa moja kila mtu kwake, kama mtu anavyokwenda kitandani mwake gizani.

Mama mkwe alisimama kwenye tuta moja, jivu likimfunika vidole vya miguu.

"Hili nililima nikiwa nimembeba mume wako tumboni," akaniambia. "Uchungu ulinianzia hapa."

Nililia. Nilisingizia moshi.

Sasa yuko kwake anajitengenezea uji, namsikia anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya. Amenikataza nisimsemee kesho. Atamwambia Bwana Mpima mwenyewe kwamba alidanganya na kwa nini, mbele ya Jumbe na mbele ya wanawake wote. Mimi kazi yangu ni kumtoa yule bwana hemani na kumvusha mto, hata ikibidi nimbebee ile mashine yake ya kupimia yenye miguu mitatu. Akikataa, nitatembea mpaka bomani. Sijui watanisikiliza. Nitakwenda.

Mvua zikianza, mama mkwe atalala kwangu. Anakoroma, lakini nitazoea.

Nimechungulia tena kabla ya kufunga mlango. Ng'ambo ya mto ni nyeusi na imejaa mistari yetu, na yeyote mwenye macho anaweza kuiona. Alfajiri namfuata mwenye kuchora anachokiona.