Mgeni wa Mkono Unaocheza

Ni ule ugonjwa wa baba yangu, Nekesa! Daktari wa Kitale amesema neva za babako zinakufa pole pole, na ameurithi kwetu. Lakini hujambo, mjukuu wangu? Hapa Tongaren mahindi yamekomaa. Hakuna seremala kama mwanangu hadi Kanduyi, ingawa sasa nyundo inamponyoka.

Uliniuliza kama nimewahi kuona nyama ya mkono ikicheza yenyewe. Niliiona nikiwa msichana, kwa baba yangu mimi. Mkono umetulia mezani, lakini chini ya ngozi kitu kinarukaruka. Tulifurahi! Kwetu ile ni dalili ya mgeni. Mama akamtania, "Mzee, mgeni wako ana haraka!" Akachinja kuku. Tulingoja mpaka chakula kikapoa. Baadaye baba akashindwa hata kuinua kikombe.

Jana mkono wa babako ulicheza, akasema, "Mama, pika, kuna mgeni." Nikacheka naye, kisha nikaenda kulia jikoni. Mtoto ninayejivunia hivi, kumbe nilimpa na ugonjwa huu. Dawa ya kumponya hakuna.

Kuku nitachinja. Safari hii mgeni afike, na awe wewe, babako akiwa bado anaweza kukushika mkono. Jamaa wote wanakuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba.