Kitanda cha Leba Kije Kwetu

Jumapili, 5 Machi 1978

Mutindi wangu amenichekesha sasa hivi, halafu kicheko kikaniisha. Amechukua kofia yangu ya unesi kitandani, akaivaa ikamfunika macho. Akainama kuokota kijiko, akashika kiuno, akasema "aaai" polepole, akainuka kama nyanya mzee. Mtoto wa mwaka na nusu! Huyo ni mimi. Ndivyo ananiona kila jioni.

Mama mkwe akacheka, akauliza mtoto amejifunza wapi mchezo huo. Nikasema sijui.

Mgongo ulianza nikiwa na mimba yake na haujaniacha. Kitanda cha leba, tunapozalishia, ni cha chini, kinanifika magotini. Siku nzima nimeinama. Nafunga leso kiunoni kwa nguvu, yunifomu juu yake, nacheka na watu. Sijaambia mtu. Nesi akisema anaumwa, sokoni wanauliza basi dawa zake ni za kazi gani. Na Bwana Kahiga, mkubwa wa kituo, atanitoa leba anipeleke kwa kadi, kuandikisha wagonjwa. Sista Ndila aliishia huko kwa sababu ya mgongo. Mikono iliyopokea nusu ya watoto wa Ikutha, sasa inaandika majina dirishani.

Mimi shule niliishia form two. Lakini mtoto akitoka, mtu wa kwanza kumshika hapa duniani ni mimi. Hiyo kazi sitaki kunyang'anywa.

Jumatano, 8 Machi

Aibu leo. Mtoto wa kike, mzito, salama. Nikakata kitovu, nikamfunga vizuri, nikampa mama yake — halafu nikashindwa kuinuka. Kabisa. Nimepinda kama mundu. Mama mwenyewe, ametoka kuzaa saa hiyo hiyo, akaniambia, "Sista, shika bega langu." Akanivuta. Mzazi anainua nesi!

Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika dirisha la kadi. Bwana Kahiga akaniita. Hakufoka. Alisema afadhali kadi kuliko kulemaa, na mimi nina mtoto mdogo. Jumatatu ya tarehe ishirini nahamia dirishani. Nikasema ndiyo, Bwana. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikawapima presha wamama waliobaki.

Jumamosi, 11 Machi

Nilienda kwa fundi Nzomo kuchukua stuli ya Mutindi. Nikamkuta anapiga randa, mbao iko juu ya meza inayomfika kiunoni. Mzee wa watu, mvi kichwa kizima, na amesimama wima kama kijana. Nikamuuliza kama mgongo haumsumbui. Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Niinamie mbao kwa nini? Mbao ndiyo inakuja kwangu."

Nikaiacha stuli hapo hapo, nikaenda mbio kwa Sista Ndila. Nikamwambia, kitanda kije kwetu! Kwanza alicheka. Halafu akasema miaka yote hiyo hakuna mtu aliwahi kufikiria. Akasimama, akashika leso, akapima kutoka sakafuni mpaka kiunoni. Nzomo atachonga magogo manne yenye shimo, miguu ya kitanda iingie humo isiteleze, na ngazi fupi ya kupandia. Hakubembelezwa. Watoto wake wote walipitia mikononi mwa Ndila.

Bwana Kahiga alisikiliza akikuna kidevu. Akasema sawa, kijaribiwe. Ikifika tarehe ishirini na hakuna mama amekubali kuzalia huko juu, kinarudi chini na mimi naenda dirishani.

Lakini wazo ni langu. Mimi! Nimemwambia Mutindi, naye akapiga makofi.

Alhamisi, 16 Machi

Wamekataa.

Mama wa kwanza alifika mlangoni, akaona kitanda kiko juu ya magogo ya Nzomo, akarudi nyuma. Akasema hicho ni cha kupasua, kama kile walichompasulia dada yake Kitui. Akazalia kwa mkeka, chini. Wa pili naye hivyo hivyo. Mkeka ni mbaya kuliko kitanda cha zamani! Nimepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni mama mkwe alinipokea na maneno hayo hayo. Ati sokoni wanasema kituo kimeanza kupasua watu, na mkwe wa Kalunde, yaani wake yeye, ndiye ameleta kisu. Jina lake limeharibiwa. Alikuwa na hasira kweli.

Ndipo nikafungua leso, nikamwonyesha alama za kukaza. Nikamwambia yote — mgongo, kadi, aibu. Nilingoja anisute.

"Mimi nimebeba maji ya mtoni kwa ukanda wa kichwa tangu nikiwa msichana," akasema. "Unafikiri mgongo wangu ni mzima?"

Akanilaza, akanikanda na mafuta ya moto. Aliniita mjinga mara nyingi, polepole, huku anakanda.

Ijumaa, 17 Machi

Kliniki ya wajawazito. Mama mkwe alikuja bila kuitwa, Mutindi mgongoni, akakaa katikati ya benchi. Nilikuwa kwa mizani nikamsikia anawaambia kwa Kikamba kwamba hakuna kisu, ni mkwe wake anaumwa na mgongo kwa kuwainamia wao. Nilitaka kuingia chini ya mizani.

Nikangoja wanicheke. Badala yake mmoja akasema wake humkamata akipalilia. Mwingine hawezi kulala chali. Ikawa benchi zima ni habari za migongo. Halafu mke wa Mbuvi, ambaye siku zake zimefika na mdomo wake unajulikana, akauliza kumbe hata manesi wana mgongo, yeye alidhani serikali huwapa wa chuma. Tulicheka! Hata mimi.

Akaingia leba mwenyewe, akapanda ngazi, akakaa miguu inaning'inia. Akatangaza kwamba huko juu anaona mpaka Makindu kule mbali. Akashuka. Akasema kukaa si kuzaa, atafikiria.

Nimerudi nyumbani bila leso kiunoni. Wote wanajua naumwa, na bado wananiita Sista.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Niko chumba cha chai, Mutindi ameletwa kunyonya, ameshiba, amelala mapajani. Nimeiba dakika hii.

Ndiyo siku yenyewe. Hakuna mtoto amezaliwa huko juu bado. Mke wa Mbuvi ameingia asubuhi na uchungu. Anazunguka leba, anaangalia kitanda, anaangalia mkeka, anaangalia kitanda. Ndila yuko naye. Mimi simsukumi. Akichagua mkeka nitapiga magoti kama juzi na nitampokelea mtoto wake vizuri kama wengine wote, halafu niende dirishani nikiwa nimenyooka. Bwana Kahiga amesimama mlangoni na kikombe, chai imepoa.

Watoto niliowapokea wako wengi sasa. Nikipita sokoni naona vichwa vyao migongoni mwa mama zao, na —

Ndila ananiita. Anasema nije mbio, chupa ya uzazi imepasuka, na mke wa Mbuvi amekanyaga ngazi mguu mmoja, anamfukuza Bwana Kahiga mlangoni, anasema hapandishi wa pili mpaka mwanamume huyo atoke. Naenda!