Vyuma vya Hema

Shoga, ndiyo napata mtandao. Harusi hakuna, na usinibembeleze!

Tumepanda mlima siku kadhaa, visigino vimechubuka, jana jioni tukafika kwenye lile ziwa la juu kabisa. Baridi ya kung'oa masikio. Namwambia mchumba wangu tusimamishe hema. Anafungua begi, turubai lipo, vyuma vya kulisimamishia havipo!

Eti kaviacha kwenye gari makusudi. "Vilikuwa vizito, mpenzi."

Vizito! Na lispika lake la muziki kalibeba mpaka juu. Spika, shoga! Mwanaume mzima!

Halafu anajichekesha: "Tutajifunika hema kama blanketi, tukumbatiane."

Nimejifunika kweli. Turubai lote, peke yangu. Yeye nikamwambia akumbatie spika.