Malak Amekonda

Goba, 18 Januari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na duka? Sie huku wazima, na mie, Bibi, nacheka peke yangu jikoni kwa furaha! Jawad akitoka kazini ananiletea asmini, sijui anazitoa wapi huku milimani. Ananiita "roho" mbele ya watu!

Ahsante kutuachia Malak. Mwanao aliyemzaa siwezi kuziba nafasi yake, lakini mtoto nampenda. Jambo moja tu: daktari kasema sukari inamnyemelea, ileile iliyomchukua mama yake, na lazima mwili ushughulike. Jawad, baba yake, akamwandikisha mpira wa shule. Wenzake wakamweka golini, wakamwita Tangi. Sasa kila siku ya mpira tumbo linamuuma. Nifanyeje?

Binti yako,
Huda

Mtoni, 26 Januari 2025

Mwanangu Huda,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, namshukuru Mungu. Twaha wa dukani ndiye anayeniandikia, na ndiye aliyenisomea barua yako. Alipofika kwenye asmini alicheka mpaka nikamfukuza.

Mpira msimlazimishe. Mama yake naye akiuona alikuwa anajificha chooni. Na sukari ni ya watu wazima, hata mama yake ilimpata ukubwani. Mlishe tu. Nimemlea kwa maziwa na samli, anayemwona anajua mtoto huyu ana kwao.

Bibi yako,
Bahiya

Goba, 23 Februari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo tena na tena! Nimepata njia! Jirani yetu Mama Praygod anafuga mbuzi juu mlimani. Jioni mie na Malak tunakwenda kumsaidia kuwarudisha. Neno mazoezi hatulitaji kabisa. Juzi mmoja alitoroka, Malak akamfukuza mlima mzima, akarudi anahema: "Mama, nimemkamata sikio!"

Kaniita Mama! Nikalia. Jawad naye akalia, akasingizia vumbi. Mvua ikinyesha Malak ndiye anayenuna kwa kukosa kwenda. Daktari kasema akiendelea hivi, huenda asihitaji dawa. Sikukuu tunakuletea umwone mwenyewe!

Binti yako mwenye raha kuliko wote Dar,
Huda

Mtoni, 6 Aprili 2025

Huda,

Sikukuu mmeniletea mtoto, nimemshika mkono nikakuta mfupa. Mashavu hana. Gauni nililomshonea linamning'inia. Kila aliyekuja kutoa mkono wa Idi aliniuliza, "Huyo mama wa kambo hampi chakula?" Uso wangu niuweke wapi? Kisha mwenyewe, mbele ya wageni, anasimulia anavyochunga mbuzi wa watu. Babu yake alifungua duka ili mjukuu wake awe mchungaji?

Ndiyo maana nimembakisha, na simrudishi. Jawad amekubali. Twaha atafuata nguo zake.

Bibi yake Malak

Goba, 20 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Nakuombea afya. Nimefika kwako mara mbili. Twaha ananiambia umelala, na Malak namsikia ndani anacheka na televisheni.

Wallahi sikumnyima chakula. Alikuwa anakula kunishinda. Kukonda kule ndiko alikokutaka daktari. Nikimwambia Jawad aje azungumze na wewe, anasema, "Roho, yule ni mkwe wangu, nitamwambia nini?" Halafu anageukia ukutani. Asmini haleti tena, nami siulizi.

Niite vyovyote. Nikatae nisimwone tena, sawa. Lakini jioni mtoe atembee, hata mpaka msikitini na kurudi. Usimwambie ni mazoezi, atakataa. Mtafutie tu kitu cha kukimbilia. Nakuomba, Bibi.

Binti yako, kama bado wanitaka,
Huda

Mtoni, 29 Juni 2025

Huda,

Salaam. Sisi wazima. Nakuandikia ili moyo wako utulie. Mwili wa Malak umerudi, alhamdulillahi, mashavu tele, na waliokuwa wananisema sasa wanamsifia. Hakuna anayemsumbua kutembea. Analala vizuri mno, hata mchana kutwa. Ila maji anakunywa sana, mpaka nashangaa, maana mwezi huu kuna baridi. Kwa hiyo akisema ana kiu, Twaha anamkimbilia juisi ya miwa hapo nje, ile glasi kubwa.

Bibi yake Malak